Breka kuu ya kiwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuiendesha na kuitunza

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka mingi kutoka kwa mafundi wa zamu, wasimamizi wa uzalishaji na vijana wa vyuo wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Yanahusu hasa ile breka kubwa inayokaa mbele ya paneli kuu, ambayo mafundi huiita ACB (Air Circuit Breaker, breka ya hewa). Pale panapohitajika nimegusa pia MCCB (Moulded Case Circuit Breaker, breka ndogo zaidi yenye kasha gumu). Mfano ninaoutumia ni transfoma ya kVA 1000 inayolisha breka ya ampea 1600. Mwongozo wa mtengenezaji wa breka yako ukisema tofauti na ninayoyasema hapa, fuata mwongozo.

## Mambo ya msingi

1. Ina tofauti gani na breka ndogo za nyumbani?

Kazi ni ileile: kupitisha umeme mambo yakiwa shwari, na kuukata yakiharibika. Breka ndogo ya nyumbani hutengenezwa kwa kiwango cha IEC 60898 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme), na mtumiaji hana setingi ya kugusa. Ya kiwandani hufuata IEC 60947-2, kiwango kinachohusu umeme usiozidi volti 1000 za AC au 1500 za DC.

Kiwandani utakutana na aina mbili kuu. MCCB ina kasha gumu la plastiki na mkono wa kupandisha na kushusha. Hiyo haifunguliwi, ikiharibika inabadilishwa. ACB huanzia kama ampea 630 na kufika 6300. Inawashwa na kuzimwa kwa nguvu ya springi, setingi zake hurekebishwa, na nyingi zinaweza kuvutwa nje ya paneli na kufanyiwa matengenezo.

2. Nikiambiwa "funga breka", niwashe au nizime?

Usifanye lolote. Uliza kwanza.

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kukusanya maswali haya. Kwetu mtu akisema "funga maji" anataka maji yakatike, na akisema "fungulia umeme" anataka uwake. Vitabu vya ufundi vya Kiingereza vinakwenda kinyume: breka iliyowashwa ndiyo "iliyofungwa", kwa sababu kontakti zake, yaani vipande vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme, zimekutana. Kijana aliyetoka chuoni juzi anasema "breka imefungwa" akimaanisha ina umeme; fundi mzee aliye upande wa nyuma wa paneli anasikia kwamba umeme haupo na anaingiza mkono.

Kwenye zamu zangu neno hilo halitumiki kwa breka. Tunasema "washa" na "zima", basi. Anayepokea agizo kwa redio analirudia kabla ya kugusa kitufe, na kwenye karatasi ya kibali cha kazi tunaandika maneno kamili: imezimwa, imevutwa nje, imepigwa kufuli.

3. Herufi na namba zilizo kwenye bamba zinasema nini?

In ni ampea ambazo breka inaweza kupitisha mfululizo. Ue ni volti za kazi. Icu ni kiwango cha juu kabisa cha shoti inachoweza kukata. Baada ya jaribio hilo kiwango hakidai iendelee kubeba mzigo wake wa kawaida. Ics ni kiwango cha shoti inachoweza kukata na bado ikafaa kurudi kazini, na huandikwa kwa kA (maelfu ya ampea) au kama asilimia ya Icu: 25, 50, 75 au 100. Icw ni shoti ambayo breka inaweza kuivumilia ikiwa bado imewashwa kwa muda uliotajwa, mara nyingi sekunde 1, ili breka za chini, yaani zile inazozilisha, zipate nafasi ya kukata kwanza.

Linganisha namba hizo na transfoma yako. Transfoma ya kVA 1000 kwa volti 400 hutoa kama ampea 1443. Ikiwa bamba lake linaonyesha impidansi (kizuizi chake cha ndani kwa umeme) ya asilimia 5, gawa 1443 kwa 0.05 na utapata kama ampea 28,900, yaani shoti inayoweza kutokea kwenye terminali zake. Breka yenye Icu ya kA 25 haifai mahali hapo, hata kama ampea zake za kazi zinatosha. Nimeona kosa hilo zaidi ya mara moja kwenye viwanda vilivyobadilisha transfoma kwa kubwa zaidi bila kugusa paneli.

## Kuwasha na kuzima

4. Hatua za kuwasha ni zipi?

Hakikisha hakuna mtu kwenye mitambo inayolishwa, na kwamba kufuli na lebo zote zimetolewa na wenyewe waliozifunga. Zima kwanza mizigo mikubwa ya chini. Soma dirisha la springi. Likionyesha haijachajiwa, vuta mkono wa kuchajia juu chini hadi usikie mlio wa kujifunga, au iache mota yake ifanye kazi hiyo kwa sekunde chache. Simama pembeni ya mlango wa paneli, mlango ukiwa umefungwa, kisha bonyeza kitufe chenye alama ya I. Thibitisha dirishani kwamba breka imewaka, na usome volti za fezi zote tatu kabla ya kuanza kurudisha mizigo, mmoja baada ya mwingine.

5. Springi imechajiwa, nabonyeza ON, breka haiwaki. Kwa nini?

Mara nyingi breka ni nzima, ila kuna kitu kinachoizuia. Angalia kwa mpangilio huu: je, kitufe cha kuonyesha hitilafu kimechomoza mbele kwa sababu breka ilitripu (ilijikata yenyewe) na hakuna aliyekirudisha? Je, koili ya volti ndogo inapata umeme (swali la 17)? Je, breka imeingia kikamilifu kwenye chasisi (fremu inamokaa ndani ya paneli), au imeishia njiani? Je, kuna ufunguo au kizuizi kati yake na breka ya jenereta (swali la 16)? Je, kitufe cha dharura kimebonyezwa mahali fulani na kuachwa hivyo?

Kama yote ni sawa na bado inagoma, au inawaka na kuzima papo hapo, acha kuilazimisha. Hapo tatizo liko kwenye mashine yenyewe na inahitaji kuvutwa nje.

6. Tunaweza kuitumia kama swichi ya kuwasha kiwanda kila asubuhi?

Inawezekana, lakini fanya hesabu kwanza. Kwa breka za zaidi ya ampea 630 hadi 2500, IEC 60947-2 hudai jaribio la mizunguko 500 ya kuwasha na kuzima ikiwa na mzigo, na 2500 bila mzigo. Watengenezaji wengi huzidi hapo, ila hicho ndicho kiwango cha chini. Kiwanda kinachofanya kazi siku 300 kwa mwaka, na kuizima kila jioni ikiwa na mzigo, kitafikisha 500 kabla ya miaka miwili kuisha. Kazi ya kila siku ziachie kontakta, zile swichi za sumaku za kuwashia mitambo. Hizo zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ukilazimika kuitumia, zima mizigo kwanza halafu ndipo uizime breka kuu.

7. Breka ya kuvutwa nje inavutwaje kwa usalama?

Zima kwanza. Breka nyingi zina kizuizi kinachokataza mkono wa kuzungushia kuingia ikiwa bado imewashwa, lakini usitegemee kizuizi kufanya kazi ya macho yako. Ingiza mkono, zungusha bila kutumia nguvu nyingi, na fuata kiashiria cha hatua tatu: imeunganishwa, majaribio, imetengwa. Kwenye hatua ya majaribio waya za udhibiti bado zimeunganishwa lakini njia kuu imeachana, kwa hiyo unaweza kujaribu vitufe na koili bila kuupeleka umeme kiwandani.

Mkono ukigoma, usiurefushe kwa bomba ili upate nguvu. Kuna kitu kimekaa vibaya.

8. Nimezima breka. Naweza sasa kushika basiba (vipande vya chuma vinavyobeba umeme ndani ya paneli)?

Hapana. Dirisha lenye neno OFF linakuambia mashine inavyodhani. Upande wa juu wa breka bado una umeme wa transfoma, na upande wa chini unaweza kupata umeme wa kurudi kutoka jenereta, sola au UPS. Ivute nje hadi hatua ya kutengwa, piga kufuli lako mwenyewe na lebo yenye jina lako, kisha pima: jaribu tester mahali penye umeme unaojulikana, pima basiba fezi kwa fezi na kila fezi kwa ethi, halafu rudi tena kuijaribu tester pale pa mwanzo. Tester iliyokufa na basiba isiyo na umeme huonyesha kitu kilekile.

## Breka imetripu

9. Imetripu na uzalishaji umesimama. Naweza kuirudisha mara moja tujaribu?

Hapana, isipokuwa umejua sababu na umeiondoa. Najua presha ilivyo: meneja amesimama mlangoni, unga uko kwenye mashine, kila dakika ina gharama. Lakini breka inayowashwa juu ya shoti hubeba mshtuko wote kwa mara ya pili, na safari hii wewe umesimama mbele yake.

Soma yuniti ya ulinzi, yaani kifaa cha breka kinachopima umeme na kuamuru ikate, kabla hujabonyeza chochote, kwa sababu baadhi hufuta kumbukumbu ukirudisha kitufe. Taa au skrini itakuambia aina ya hitilafu. Ikiwa ni ovalodi, tafuta mzigo uliozidi na uipe mitambo muda wa kupoa. Ikiwa ni shoti au hitilafu ya ethi, tenga nyaya zote za chini na uzipime kwa megga (kipimo cha ubora wa insulesheni) moja moja hadi upate yenye ubaya. Ikiwa hakuna alama yoyote ya hitilafu, inawezekana koili ya kukatia au ya volti ndogo ndiyo iliyoiangusha, na hapo fuata waya za udhibiti.

Andika ampea zilizoonyeshwa, saa na tarehe. Breka inayotripu mara tatu kwa mwezi saa nane mchana inakueleza jambo ambalo tukio moja haliwezi kulieleza.

10. Mkono wa MCCB umesimama katikati na haukubali kupanda. Imekufa?

La. Katikati ndiyo nafasi ya kutripu. Ushushe kwanza kabisa hadi OFF mpaka usikie umeshika, ndipo uupandishe. Kama ilitripu kwa ovalodi, subiri dakika kadhaa. Chuma cha ndani kinachojipinda kwa joto hakijapoa bado. Kuhusu kama inafaa kuirudisha, rudi swali la 9.

11. Bosi anataka tuongeze setingi ili isitripu tena. Inaruhusiwa?

Setingi zina sababu. Ya kwanza, Ir, ndiyo ya ovalodi, na inalinda kebo na transfoma. Kwa mfano wetu, transfoma ya ampea 1443 ikilisha breka ya 1600, Ir huwekwa kwenye 0.9, yaani ampea 1440. Ukiipandisha hadi 1, breka haitaiona ovalodi ya transfoma hadi imepita uwezo wake kwa zaidi ya asilimia 10. Na hata kwenye setingi sahihi, kiwango kinairuhusu ibebe mara 1.05 ya setingi kwa saa mbili bila kukata, na inalazimika kukata ndani ya saa mbili ikifika mara 1.30. Hiyo nafasi tayari ipo. Usiongeze nyingine juu yake.

Zinazofuata ni za shoti: moja yenye kuchelewa kidogo, kwa kawaida sehemu ya kumi hadi nne za kumi za sekunde, na moja ya papo hapo. Hizi hupangwa na mhandisi kwa hesabu ya mtandao mzima. Kabla ya kugusa kitasa chochote cha kuzungushia setingi piga picha ya setingi zilizopo. Nimewahi kufika mahali ambapo vitasa vyote vilikuwa vimezungushwa hadi mwisho na hakuna aliyejua vilikuwa wapi siku ya kwanza.

12. Mota moja imepata shoti, na kiwanda kizima kimezimika. Breka ya mota imefanya kazi gani?

Pengine nayo ilikata, lakini breka kuu haikuisubiri. Hutokea pale setingi ya papo hapo ya breka kuu ilipowekwa chini sana, au pale ucheleweshaji wake ulipofutwa. Breka kuu yenye Icw ya kutosha (swali la 3) inaweza kuambiwa isubiri kidogo. Kama chini nako kuna ACB, baadhi huunganishwa kwa waya mwembamba ili ya chini iiambie ya juu, "hii ni yangu, subiri."

## Matengenezo

13. Ifanyiwe matengenezo kila baada ya muda gani?

Mahali pasafi na pakavu, mara moja kwa mwaka ukaguzi na kuichezesha, na uchunguzi wa kina kwa vipindi vya mwongozo. Kwenye vumbi la saruji, unga, katani au makaa, au karibu na bahari, punguza muda huo uwe nusu. Na kila mara baada ya kukata shoti kubwa, hata kama ilifanyiwa kazi wiki iliyopita (swali la 18).

Kuichezesha ni kuizima na kuiwasha mara chache ikiwa kwenye hatua ya majaribio, kwa vitufe na kwa koili. Watu huiona kazi ndogo na kuiruka. Kwenye kiwanda kimoja nilikuta ACB iliyokaa imewashwa zaidi ya miaka sita bila kuguswa. Nilipobonyeza OFF, haikufanya chochote. Grisi ya ndani ilikuwa imekauka kama gundi. Tulilazimika kuomba umeme ukatwe upande wa msongo mkubwa wa transfoma ili tuitoe. Nilikaa usiku ule nikifikiria: je, shoti ingetokea mwaka mmoja kabla? Breka ile ilikuwa ikionekana nzima kwa kila aliyepita mbele yake.

14. Matengenezo ya mwaka yanahusisha nini hasa?

Kabla ya kuzima, piga picha za joto za viungo vyote mzigo ukiwa mkubwa, angalau asilimia 40 ya uwezo. Kiungo kimoja chenye joto kuliko wenzake wa fezi nyingine ndicho unachokitafuta.

Kisha ivute nje na uchaji wote wa springi utoke: kata umeme wa mota ya kuchajia, zima, washa, zima. Madirisha mawili yanatakiwa yaonyeshe breka imezimwa na springi haijachajiwa. Usiruke hatua hii. Springi ile ikifyatuka inakata kidole.

Toa visanduku vya kuzimia arki (cheche kali inayozuka kontakti zikiachana) na uvikague: masizi mepesi ni ya kawaida, lakini mabamba yaliyoyeyuka au kasha lililopasuka vinamaanisha kibadilishwe. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi na kwa mashine ya kufyonza. Usipulize kwa kompresa, inasukuma vumbi na maji ndani zaidi. Kaza nati za basiba kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mwongozo. Kukaza kupita kiasi nako huharibu.

Mwisho, jaribu yuniti ya ulinzi kwa kisanduku cha mtengenezaji kinachoingiza ishara ndogo. Kwa breka muhimu sana, kila baada ya miaka kadhaa, ipitishwe ampea halisi kwenye njia kuu, maana ndiyo njia pekee inayojaribu pia transfoma ndogo za kupimia zilizomo ndani.

15. Maswali madogo ya mezani: grisi, msasa, megga na ukinzani wa kontakti

Grisi: ile tu iliyotajwa na mtengenezaji, sehemu zilizotajwa, kidogo. Mafuta ya kupulizia ya kulegezea nati huifanya mashine iteleze leo, kisha huosha grisi ya asili, hukauka na kukamata vumbi. Ile breka niliyoisimulia kwenye swali la 13 huenda iliwahi kupata dawa hiyo.

Msasa: usitumie. Uso wa kontakti kuu una aloi ya fedha, na weusi juu yake hauzuii umeme kama unavyodhani. Ukipiga msasa unaondoa aloi na kuacha mikwaruzo. Breka nyingi zina alama ya kuonyesha kontakti zimelika kiasi gani, fuata hiyo.

Megga: toa kwanza yuniti ya elektroniki na uchomoe waya za udhibiti, kisha pima kwa volti 1000 za DC, au 500 ikiwa mwongozo unasema hivyo: kati ya poli (njia ya kila fezi ndani ya breka) ikiwa imewashwa, kila poli kwa ethi, na juu kwa chini ikiwa imezimwa. Chini ya megaomu 100 mimi siirudishi kazini hadi nijue ni unyevu au ni uchafu.

Ukinzani wa kontakti: pima kila poli kwa mashine ya maikroomu, na uzilinganishe zote tatu. Poli moja ikizidi wenzake kwa nusu, chunguza. Tuseme poli ina maikroomu 20. Kwa ampea 1440 inatoa joto la wati 41 hivi. Ikipanda hadi 100, ni wati 207 ndani ya nafasi ileile ndogo, usiku na mchana.

## Hali za pekee

16. Tuna jenereta. Kuna la kuzingatia zaidi?

Mawili. La kwanza: breka ya umeme wa gridi na ya jenereta zisiweze kuwaka pamoja, na kizuizi cha waya pekee hakitoshi, weka pia cha chuma au cha ufunguo mmoja. Umeme wako ukirudi kwenye gridi unaweza kumuua fundi wa laini aliyepanda nguzo akijua umekatika.

La pili husahaulika. Jenereta haina nguvu ya shoti kama transfoma. Baada ya sehemu ndogo ya sekunde, nyingi hushikilia kama mara tatu tu ya ampea zake. Breka iliyopangiwa kukata shoti kwa mara kumi haitaiona shoti hiyo haraka. Kebo itaungua kwanza. Breka ya jenereta ipewe setingi zake yenyewe.

17. Umeme ukishuka kidogo breka kuu inazima. Tufanyeje?

Hiyo ni koili ya volti ndogo. Kwa kiwango, inatakiwa iangushe breka volti zikiwa kati ya asilimia 70 na 35 ya zake, na iruhusu kuwasha zikifika 85. Kwa koili ya volti 230, ni kati ya 161 na 80 hivi. Ikiangusha kwenye volti 190, koili imechoka au waya wake umelegea. Kama gridi yako hushuka kweli kwa sekunde moja mbili, wapo watengenezaji wanaouza kifaa cha kuichelewesha. Kuifunga koili kwa kamba ili isianguke, jambo nililoliona kwa macho yangu, ni kuondoa ulinzi na kuacha jina lake.

18. Imekata shoti kubwa, na sasa inawaka vizuri. Iendelee?

Itolewe kwanza. Kagua visanduku vya arki, kontakti na nyufa kwenye kasha, kisha vipimo vyote vya swali la 15. MCCB iliyokata shoti karibu na Icu yake nabadilisha bila kujadili, kwa sababu siwezi kuifungua nione.

19. Je, pwani na nyanda za juu vinabadilisha kitu?

Ndiyo. Mombasa, Tanga au Zanzibar chumvi na unyevu hula terminali na springi. Weka hita ndogo ndani ya paneli na ukague mara mbili kwa mwaka. Breka nyingi hupimwa kwa nyuzi 40 za hewa inayoizunguka, na ndani ya paneli iliyofungwa kwenye joto la Februari unaweza kupita hapo, kwa hiyo ampea hupungua kwa jedwali la mtengenezaji. Juu ya mita 2000, kama Eldoret au Limuru, hewa ni nyepesi, haipoozi wala haizuii arki kwa kiasi kilekile. Hapo volti na ampea zote mbili hupunguzwa.

20. Nani anaruhusiwa kuifanyia kazi, na breka ya akiba itunzwe vipi?

Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, na Kenya ni EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati za nchi hizo. Angalia daraja la fundi kabla hujamkabidhi ufunguo. Mwendeshaji wa zamu aliyefundishwa anaweza kuwasha na kuzima mlango ukiwa umefungwa, si zaidi ya hapo.

Ya akiba ikae stoo kavu, imezimwa, springi haijachajiwa, imefunikwa, na si chini sakafuni. Nunua kwa wakala anayejulikana, maana breka bandia zipo sokoni zikiwa na bamba zuri kuliko za kweli. Ichezeshe kila mwaka sawa na iliyo kazini, na ibandike karatasi ya setingi za paneli inayoisubiri, ili fundi wa usiku asianze kuzitafuta saa tisa za usiku.